Msumbiji: Mcheza Kwao na Mcheza Ugenini

Tarehe 29 Septemba, 2013, mjini Maputo, timu ya taifa ya wanawake ya Msumbiji ilishindwa na Angola kwa pointi 64 kwa 61 katika fainali ya ubingwa wa Afrika wa mpira wa kikapu. Hiyo ilikuwa mara ya tatu kwa Msumbiji kushika nafasi ya pili katika mji wake mkuu. Mwaka 1986 ilimaliza nyuma ya Zaire, na mwaka 2003 ikamaliza nyuma ya Nigeria. Mara tatu wananchi wa Maputo walijaa ukumbini kulipokea kombe, na mara tatu kombe likachukuliwa na wageni.

Hata hivyo, nafasi ya pili ya mwaka 2013 haikuwa bure. Iliipatia Msumbiji tiketi ya mashindano ya ubingwa wa dunia, yaliyofanyika nchini Uturuki mwaka 2014. Nchi hiyo ilikuwa haijapata kufika huko tangu ilipojipatia uhuru wake tarehe 25 Juni, 1975. Na miongoni mwa wachezaji walioifikisha huko alikuwamo mama mmoja wa makamo, kwa hesabu ya michezo, aliyekuwa ameondoka nyumbani yapata miaka ishirini kabla yake. Jina lake ni Clarisse Machanguana.

Wahenga walisema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Msemo huo ni wa kweli, lakini wahenga waliusema katika zama ambazo ngoma ilichezwa uwanjani pa kijiji, na mtuzaji na mtuzwaji wakijuana kwa ukoo. Katika dunia ya leo mchezo umekuwa kazi ya mshahara, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa iko ugenini. Basi swali linalozikabili nchi nyingi za sehemu hii ya Afrika ni hili: je, yule anayecheza ugenini, kwa kuwa kwao hakuna wa kumtunza, amelipa kisogo taifa lake? Maisha ya mchezaji huyo wa Msumbiji yanatoa jibu, na jibu lenyewe lafaa kuangaliwa kwa makini.

Kwanza yafaa ikumbukwe hali ya nchi aliyotoka. Msumbiji ilipata uhuru baada ya vita vya miaka kumi vya ukombozi, na haikupata nafasi ya kupumua. Mwaka 1977 vita vingine vilianza, vya ndani kwa ndani, navyo vikaendelea hadi mapatano ya amani yalipotiwa saini mjini Rome tarehe 4 Oktoba, 1992. Inakadiriwa kwamba watu milioni moja walipoteza maisha yao kwa risasi, njaa na maradhi. Shule zilichomwa moto, njia za reli ziling'olewa, na barabara nyingi hazikupitika.

Katika hali hiyo mtu angedhani kwamba michezo ingekuwa kitu cha mwisho kabisa kufikiriwa. Lakini katika mji wa Maputo mpira wa kikapu wa wanawake haukufa. Wakati nchi zilizotawaliwa na Waingereza zilirithi netiboli kuwa ndio mchezo wa wasichana shuleni, nchi zilizotawaliwa na Wareno zilirithi mpira wa kikapu. Klabu za mjini, kama vile Ferroviário, ambayo ni klabu ya shirika la reli, na Desportivo, na Maxaquene, zilikuwa na timu za wanawake pamoja na zile za wanaume. Ndiyo maana katika mwaka 1986, nchi ikiwa katikati ya moto wa vita, wanawake wake waliweza kushika nafasi ya pili katika Afrika nzima. Hilo si jambo la kupita bila kutazamwa. Lina maana kwamba palikuwa na viwanja, palikuwa na walimu, na palikuwa na wasichana wadogo waliokuwa wakitazama kutoka kando ya uwanja na kujiambia kwamba hata wao wanaweza.

Machanguana alikulia katika mji huo na katika mchezo huo. Lakini Maputo ya mapema miaka ya 1990 isingeweza kumlipa mtu yeyote mshahara kwa kutia mpira kikapuni. Njia iliyokuwapo ilikuwa ni ya masomo. Nchini Marekani sheria iliyopitishwa mwaka 1972 ilipiga marufuku ubaguzi wa mwanamke katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Matokeo yake mojawapo yalikuwa kwamba vyuo vikuu vililazimika kuwapa wasichana nafasi za michezo, na pamoja na nafasi hizo gharama za masomo. Mlango huo uliofunguliwa kwa ajili ya wasichana wa Marekani ulipitiwa pia na wasichana wa nchi nyingine. Machanguana aliingia Chuo Kikuu cha Old Dominion, kilichoko katika mji wa bandari wa Norfolk, katika jimbo la Virginia.

Huko alimkuta mchezaji kutoka Ureno, Ticha Penicheiro. Binti wa nchi iliyotawaliwa na binti wa nchi iliyotawala walikutana katika nchi ya tatu, wakawa wa timu moja, na lugha ya Kireno, iliyopelekwa Msumbiji na wakoloni, ikawa ndiyo lugha yao ya kuelewana kati ya watu waliosema Kiingereza. Katika msimu wa 1996 hadi 1997 chuo chao kilishinda michezo 34 na kupoteza miwili tu. Katika nusu fainali ya ubingwa wa vyuo vikuu waliwatoa Stanford kwa pointi 83 kwa 82 baada ya dakika za nyongeza. Katika fainali, tarehe 30 Machi, 1997, walishindwa na Tennessee kwa pointi 68 kwa 59. Kwa mara nyingine tena ikawa nafasi ya pili.

Mwaka huo wa 1997 ulikuwa mwaka wa pekee katika historia ya mchezo huo. Wanawake wa Marekani walikuwa wamekwisha kujaribu ligi ya kulipwa kati ya 1978 na 1981, na ligi hiyo ikafilisika. Baada ya hapo mwanamke aliyetaka kuishi kwa mchezo huo alilazimika kwenda Ulaya au Japani. Sasa, kwa ghafla, zikawapo ligi mbili kwa wakati mmoja. Moja, iliyoanza mwaka 1996, ilicheza wakati wa baridi. Nyingine, iliyoanzishwa na wenye ligi kubwa ya wanaume, ilifungua pazia lake mwezi Juni 1997 ikiwa na timu nane, nayo ilicheza wakati wa kiangazi.

Machanguana alianza na ile ya kwanza, katika timu ya San Jose Lasers ya California. Tarehe 22 Desemba, 1998, msimu ukiwa haujafika hata nusu yake, ligi hiyo ilitangaza kwamba imefilisika. Wachezaji walilala wakiwa na mikataba, wakaamka wakiwa hawana kazi. Hilo lilikuwa somo la kwanza juu ya kazi ya mchezaji wa kulipwa: mkataba ni karatasi, na karatasi haina nguvu kuliko mfuko wa mwenye klabu.

Kuanzia 1999 aliingia katika ligi iliyosalia. Aliichezea kwanza Los Angeles Sparks, na humo akamkuta jirani. Huyo alikuwa Mwadi Mabika, mzaliwa wa Kinshasa. Mabika alikuwamo katika timu ya Zaire iliyoshiriki Michezo ya Olimpiki mjini Atlanta mwaka 1996, timu ya kwanza ya wanawake wa Afrika kupata kucheza mpira wa kikapu katika Olimpiki. Timu hiyo ilishindwa michezo yake yote, na wenyeji Marekani waliifunga pointi 107 kwa 47. Mtu mwenye haraka ya kuhukumu angesema kwamba wale walikwenda kuaibika. Lakini mwaka uliofuata Mabika alisajiliwa na timu ya Los Angeles, wakati huo huo nchi yake ikibadilisha jina na kuwa Jamhuri ya Kidemokrasi ya Kongo. Alikaa na timu hiyo miaka kumi na mmoja, akatwaa nayo ubingwa mwaka 2001 na tena mwaka 2002, na mara mbili alichaguliwa kucheza katika mchezo wa nyota wa ligi hiyo. Kwa hiyo kushindwa kwa Atlanta kulikuwa ni mlango, wala hakukuwa kaburi.

Mwaka 2001 fainali ya ligi iliwakutanisha Los Angeles Sparks na Charlotte Sting. Mabika alikuwa upande mmoja. Machanguana, aliyekuwa amehamia Charlotte, alikuwa upande wa pili. Los Angeles ilishinda michezo miwili kwa bila. Mabinti wawili waliotoka katika nchi mbili zinazopakana na Tanzania, moja kwa upande wa kusini na nyingine kwa upande wa magharibi, walikutana katika fainali ya ligi kubwa ya Marekani. Hapana shaka kwamba kama wangalikuwa wanaume wa kandanda, picha zao zingebandikwa katika kila kinyozi.

Mwaka 2002 Machanguana aliichezea Orlando Miracle. Baada ya hapo aliendelea na kazi yake katika klabu za Ulaya na Asia.

Sasa na ihesabiwe hesabu moja nyepesi. Katika Marekani Machanguana alizichezea klabu nne za kulipwa. San Jose ilikufa pamoja na ligi yake mwaka 1998. Orlando ilihamishwa baada ya msimu wa 2002, ikapelekwa Connecticut na kupewa jina jingine. Charlotte ilivunjwa mwezi Januari 2007. Katika zote nne ni Los Angeles peke yake iliyobakia mahali pake na kwa jina lake. Naye Mabika alimalizia kazi yake katika ligi hiyo na Houston Comets mwaka 2008, klabu iliyotwaa ubingwa wa kwanza nne mfululizo, na mwezi Desemba wa mwaka huo huo klabu hiyo nayo ikavunjwa.

Hesabu hiyo yapaswa kuwafungua macho wale wanaofikiri kwamba mchezaji aliyekwenda ng'ambo amekwenda peponi. Katika mwaka wa kwanza wa ligi hiyo, 1997, mshahara wa chini ulikuwa dola 15,000 kwa msimu. Msimu wenyewe ulikuwa wa miezi michache ya kiangazi. Ili kuishi mwaka mzima mchezaji alifunga mizigo na kwenda kucheza Ulaya au Asia wakati wa baridi, kisha akarudi Marekani kiangazi kilipoingia. Hivyo mwili haukupata mapumziko, goti lililouma halikupata nafasi ya kupona, na nyumba ikawa ni sanduku la nguo. Maisha ya namna hiyo yanafanana na ya baharia kuliko ya nyota wa sinema.

Kwa hiyo ni dhuluma kumtazama mchezaji kama huyo kwa jicho la kusema kwamba alikimbilia fedha. Yeye alikwenda mahali ambapo ujuzi wake ulikuwa na bei, kama vile fundi mchundo anavyokwenda kwenye kiwanda, na kama vijana wa kusini ya Msumbiji walivyokwenda kwa vizazi vingi kwenye migodi ya Afrika Kusini. Tofauti ni kwamba mchimba migodi alirudi na blanketi na baiskeli, bali mchezaji anaweza kurudi na elimu ambayo taifa zima linaweza kuitumia, ikiwa taifa lenyewe limejiandaa kuipokea.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Machanguana alirudi. Alirudi kuvaa jezi ya nchi yake katika umri ambao wachezaji wengi wamekwisha kuvua viatu. Mwaka 2014 nchini Uturuki timu ya Msumbiji ilipangwa kundi moja na Ufaransa, Kanada na wenyeji Uturuki, ikashindwa michezo yote mitatu. Katika hali hiyo ya kushindwa alihitimisha safari yake. Baadaye alianzisha nchini mwake taasisi yenye jina lake, inayoshughulika na vijana, hasa wasichana, kwa njia ya michezo, elimu na afya. Katika nchi ambayo wasichana wengi huacha shule mapema, na ambayo imeumizwa sana na ugonjwa wa ukimwi, uwanja wa mpira ni mahali pazuri pa kumkusanya msichana na kumweleza habari za mwili wake na za kesho yake. Yeye mwenyewe husikilizwa, kwa sababu wasikilizaji wake wanajua alikopita.

Lakini ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba mtu mmoja mwenye moyo mwema anatosha. Machanguana hakuota kama uyoga. Alitoka katika mji uliokuwa na klabu za wanawake zilizosimama imara hata wakati wa vita. Klabu hizo ndizo zilizomwona, zikamfundisha kushika mpira, na zikamfikisha mahali pa kuonekana na wageni. Na zilikuwa bado zipo aliporudi. Ferroviário ya Maputo ilitwaa ubingwa wa klabu bingwa za wanawake za Afrika mwaka 2018, ikautwaa tena mwaka 2019. Mchezaji mwenzake wa timu ya taifa ya 2013 na 2014, Leia Dongue, alipita njia ile ile ya kwenda nje, akacheza Angola na Hispania. Klabu za Marekani zenye fedha nyingi zimekufa moja baada ya nyingine, na klabu ya shirika la reli ya mji maskini bado inatoa wachezaji. Kuna fundisho hapo kwa mwenye kutaka kufundishika.

Fundisho hilo linawahusu majirani wote. Rwanda, nchi ndogo isiyokuwa na historia ndefu katika mchezo huo, ilijenga mjini Kigali ukumbi mkubwa uliofunguliwa mwaka 2019. Mwaka 2023 ubingwa wa Afrika wa wanawake ulichezwa katika ukumbi huo, na Rwanda yenyewe ikashika nafasi ya nne. Ukumbi haufungi kikapu, lakini pasipo ukumbi hakuna kikapu cha kufunga.

Tanzania nayo ina jambo la kujiuliza. Mwaka 2009 kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alichaguliwa wa pili katika usajili wa ligi kubwa ya wanaume ya Marekani na timu ya Memphis Grizzlies, akawa Mtanzania wa kwanza kufika huko. Shangwe zilikuwa kubwa, na zilistahili. Lakini shangwe si mpango. Kufaulu kwa mtu mmoja kunaweza kutokana na kimo alichojaliwa na Mwenyezi Mungu, au na bahati ya kuonekana na mtu anayejua kutazama. Kufaulu kwa wengi hutokana na viwanja vya shule vyenye sakafu isiyopasuka, na waalimu wanaolipwa, na mashindano yanayofanyika kila mwaka kwa tarehe zinazojulikana, na klabu zinazomkubali msichana bila kumfanya kuwa pambo. Msichana mrefu wa Mwanza au wa Songea, ambaye leo anacheza netiboli kwa sababu shule yake haina mchezo mwingine, huenda ana mikono ya kucheza mpira wa kikapu. Nani atajua, ikiwa hakuna pete ya kikapu katika wilaya yake nzima?

Yako mambo matatu ambayo wahusika wa michezo katika nchi hizi wangefaa kuyazingatia. La kwanza, kumruhusu mchezaji kwenda nje pasipo kumnung'unikia, na kumsaidia kuelewa mkataba kabla hajautia saini. La pili, kudumisha mawasiliano naye miaka yote anapokuwa huko, wala si kumkumbuka wiki mbili kabla ya mashindano. Na la tatu, lililo kubwa kuliko yote, kumwandalia kazi ya maana anaporudi: kufundisha, kuongoza, kusimamia shule za michezo. Mtu aliyefanya kazi chini ya walimu wa nchi mbalimbali amekusanya ujuzi ambao haununuliki dukani. Kumwacha akae nyumbani akisimulia hadithi za zamani ni sawa na kumwaga maji wakati wa kiangazi.

Kombe la Afrika halijapata kubaki Maputo. Pointi tatu za mwaka 2013 bado zinawauma wapenzi wa mchezo huo, na zina haki ya kuwauma. Lakini wasichana wanaofanya mazoezi leo katika viwanja vya mji huo wana kitu ambacho wenzao wa nchi nyingi hawana: wanamjua mtu aliyetoka mahali walipo wao, akafika mbali, na akarudi akiwa na la kuwapa. Mcheza kwao hutunzwa, ndivyo walivyosema wahenga. Wajibu wa nchi za leo ni kuhakikisha kwamba hata aliyecheza ugenini, siku anaporudi, anakuta kwao pana uwanja, na uwanjani pana watoto wanaomngoja.